Breki za Mbele za Pijo

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Kamati ya harusi imekaa sebuleni kwangu, ikanywa chai yangu, ikamaliza maandazi yangu, halafu ikaamua gari langu halifai. Shukrani ya punda!

Anayeolewa Jumamosi ni Jenipher, mjukuu wangu, mke wangu mdogo. Bwana harusi anaitwa Wilfred. Mwizi tu. Ananichukulia mke mchana kweupe na watu wanampigia vigelegele. Hilo nimelimeza. Lakini wakafika kwenye ajenda ya gari la bibi harusi. Mwanangu Vaileth, mama yake Jenipher, mwalimu, sauti ya kuamrisha gwaride, akasema limekodiwa gari jeupe, jipya, lenye kioo juu ya paa. Nikauliza, na Pijo yangu je? Mtu akakohoa. Vaileth akasema Pijo ikishika breki Kinyerezi nzima inadhani kuna nguruwe anachinjwa.

Uongo. Ni kama nguruwe wawili.

Nikasimama. Nikawakumbusha kwamba marehemu mke wangu Demetria aliingia kanisani Songea na Pijo hiyohiyo, enzi ni gari la meneja wa chama cha ushirika cha tumbaku na mie ni dereva wake. Meneja mwenyewe alikaa nyuma, kashika maua. Vaileth alitolewa hospitali kwa Pijo hiyohiyo, mchanga, kafungwa kwenye khanga kama ugali wa safari. Chama kilipokufa, magari yakanadiwa. Wenzangu wakanunua mashamba, mie nikanunua Pijo. Wenye mashamba leo ni matajiri. Lakini shamba hulipigii honi.

Jenipher akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akasema yeye anataka Pijo, na Babu ndiye aendeshe. Akarudi jikoni. Mke huyo!

Vaileth akakubali kwa sharti. Pijo iende gereji kwa Fundi Jabiri, ibadilishwe pedi za breki za mbele, na Ijumaa jioni isimame mbele ya macho yake bila kelele. Isiposimama, gari jeupe. Nikasema sawa, mwanangu. Moyoni nikasema Jabiri ataigusa Pijo yangu siku ya kiama. Mara ya mwisho aliizunguka, akaguna, akaniuliza naizika lini.

Kwani kazi yenyewe ni nini? Toa tairi, fungua kalipa, kile chuma kinachobana pedi, chomoa pedi kuukuu, chomeka mpya, funga. Nilikuwaga nazibadilisha mlima Lukumburu, ukungu umeshuka huioni mikono yako mwenyewe, meneja anakoroma kiti cha nyuma. Nitabadilisha mwenyewe. Vaileth hatajua.

Kwa kuanzia nimejaza mafuta ya breki mpaka shingoni. Labda zinalia kiu.

Jumanne, 2 Septemba

Nimekwenda mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya spea, kutafuta pedi. Duka la kwanza, kijana akaniamkia vizuri, shikamoo babu. Halafu akaniuliza Pijo ni pikipiki ya Mchina au ya Mhindi. Nikatoka bila kuaga. Duka la pili wakaniambia zipo, subiri kidogo. Nimesubiri mpaka nimejua majina ya watoto wa muuza duka. Wakaleta taa ya nyuma.

Duka la tatu, uchochoroni, mzee anaitwa Mwishehe anasinzia juu ya kaunta. Nikasema pedi za mbele za Pijo. Jicho moja likafunguka. Akauliza, 504? Nikasema 504. Jicho la pili likafunguka. Akauliza, gia ya shingoni mwa usukani? Nikasema ya shingoni. Mzee akasimama.

Kumbe alikuwa na Pijo ya abiria, Dar na Morogoro, enzi barabara ina mashimo na watu wana adabu. Tukakaa. Nikamwambia Songea na Njombe, akaniambia Chalinze kabla haijawa mji. Nikamwonyesha nilivyokuwa naingiza namba tatu kwenye kona, akasema hapana, namba tatu yake ilikuwa inaingia hivi. Wazee wawili, mikono hewani, tunaingiza gia. Wateja wamesimama mlangoni wanatuangalia. Akapanda ngazi, akashuka na boksi, akalipuliza. Vumbi la miaka. Nikalinusa. Harufu ya stoo ya ushirika, kabisa! Tumbaku tu ndiyo ilikosekana.

Sasa, pa kufanyia kazi. Nyumbani haiwezekani, kamati inaingia na kutoka kama siafu. Nikamfikiria Albano. Jirani yangu, nyumba ya chini kwenye mteremko, mstaafu wa reli, ukuta mrefu, geti la chuma. Tatizo moja: Albano ni Mhehe, mie Mngoni. Watani wa jadi. Mababu walitwangana, sie tunamalizia kwa mdomo. Kila siku ananiambia Wahehe ndio walioshinda, na anavyoeleza utafikiri alikuwepo, kashika mkuki. Mie humwambia babu yake alikimbia mpaka akapita nyumba yake mwenyewe.

Nikamwomba nifiche Pijo kwake siku mbili. Akakubali papo hapo. Akasema karibu sana, Bwana Kasiani, nyumba ni yako. Mtu aliyeniita mla panya jana tu! Nilipaswa kushtuka. Nikashukuru.

Vaileth nimemwambia Pijo inakwenda kwa Jabiri kesho asubuhi. Ameniambia hongera Baba. Nimejisikia vibaya mpaka uji ulipoiva.

Jumatano, 3 Septemba

Vaileth kaenda shule. Nikaiachia Pijo ishuke taratibu mpaka kwa Albano. Nguruwe wakalia, wote wawili, ikasimama kwenye lundo lake la mchanga. Albano akafunga geti. Akacheka peke yake. Nikadhani ni ukarimu.

Nikaweka jeki, nikainua, nikashika nati za tairi. Tairi likazunguka nami. Nati hulegezwa tairi likiwa bado chini! Nilijua hilo kabla Albano hajazaliwa, tatizo ni kwamba leo sikulikumbuka. Albano, kwenye kiti cha plastiki na kikombe cha kahawa, akasema ndiyo maana Wangoni tulishindwa, tulikuwa tunanyanyua mkuki kabla ya kumwona adui. Nikashusha. Nikalegeza. Nikainua tena, nikaweka gogo la mninga chini kwa usalama. Tairi la kulia likatoka.

Pedi kuukuu zimeisha, nyembamba kama hostia. Mungu nisamehe. Chuma kwa chuma, ndiyo maana kelele.

Pedi mpya ni nene, kwa hiyo pistoni ya kalipa lazima irudishwe ndani kwanza. Nimeazima klempu ya seremala. Nikakaza taratibu. Pistoni ikarudi kama mtoto mtiifu. Nikaimba. Nikakaza tena. Nikaimba ubeti wa pili. Albano akamaliza kahawa yake, akapangusa mdomo, akaniuliza kwa upole kama ni kawaida ya Pijo kujikojolea.

Mafuta ya breki! Pistoni ikirudi nyuma inayasukuma kwenye kichupa chake, na kichupa nilikijaza mie mwenyewe Jumatatu. Yamefurika. Nikakimbia na kitambaa. Nikafuta injini, nikafuta pembeni, nikafuta madigadi ya mbele nayo ing'ae. Sasa, mafuta ya breki yanakula rangi. Hilo nalo nilikuwa nalijua. Nilipomaliza kufuta, madigadi ilikuwa na kidonda kirefu, umbo la Ziwa Nyasa. Hata ghuba zake unaziona.

Si neno. Bibi harusi ana maua. Maua yatawekwa hapo, mengi.

Adhuhuri upande wa kulia umekamilika. Kazi safi, sitanii. Nikatoa tairi la kushoto, nikaenda nyumbani kula na kujinyoosha kidogo. Nimerudi, tairi halipo. Albano kalikalia, katikati ya uwanja, kama chifu.

Akatangaza kwamba Mngoni akileta mali yake kwa miguu yake mwenyewe mpaka ndani ya boma la Mhehe, mali hiyo ni mateka. Na mtani hakasirikiwi. Ukikasirika, umeshindwa wewe na ukoo wako. Kwa hiyo nikacheka. Nimecheka mpaka meno yameuma, yale yaliyobaki.

Nikauliza fidia. Akasema hataki kitu kikubwa. Anataka usukani. Jumamosi Jenipher akienda kanisani, dereva ni yeye.

Alhamisi, 4 Septemba

Majadiliano toka asubuhi.

Nimempa jogoo. Akasema jogoo ni fidia ya baiskeli. Nikaongeza jogoo wa pili. Akasema anaona nafungua banda, hajaona naleta maana. Nikatoa silaha ya mwisho: nitasimama ukumbini, mbele ya wageni, niseme kwa kipaza sauti kwamba Wahehe walishinda. Akatetemeka! Nilimwona. Akafumba macho, akafikiria. Halafu akasema haina haja, dunia nzima inajua.

Nikapanga hila. Tairi la akiba! Liko kwenye buti ya Pijo. Kwa nini nijidhalilishe? Albano alipoingia ndani kuswaki nikafungua buti. Lipo. Limekaa bapa kama chapati. Pampu yangu haipo. Ndani ya nyumba nikamsikia Mhehe anacheka, mdomo umejaa dawa ya meno.

Baadaye, anafuta tairi langu kwa kitambaa, akaniambia jambo bila kuniangalia. Ana watoto wa kiume watatu. Hana binti. Miaka yote ya reli amesafirisha maharusi wa watu, hamjui hata mmoja, wanashuka stesheni na masanduku, hawageuki nyuma. Akasema hakuna atakayempa bibi harusi ampeleke kanisani. Jenipher anamwamkia kila asubuhi tangu ana meno mawili. Basi.

Nikamwambia haraka kwamba hata hao maharusi walishuka kwa sababu ya harufu yake. Asije akadhani nimesikia.

Halafu balaa. Vaileth kampigia simu Fundi Jabiri kuulizia kazi. Jabiri kasema hajaiona Pijo toka ile siku ya kuuliza mazishi. Vaileth akashuka mteremko, viatu mkononi, ishara mbaya kabisa. Akafuata sauti ya nyundo. Akaingia. Mie niko chini ya madigadi, mguu mmoja nje. Albano juu ya tairi.

Akamwamkia Albano, shikamoo ikapita katikati ya meno. Mie hakuniamkia.

Albano akasimama. Akasema marahaba mwanangu, umekuja wakati mzuri. Akasema kazi kaichukua yeye, Jabiri kaelemewa. Akasema breki za treni amezifunga yeye, treni, mabehewa kwa mabehewa, sembuse kijigari cha baba yako. Baba yako hapa ananipa spana tu. Mie! Napewa cheo cha kupokeza spana! Ikabidi nitingishe kichwa. Nikampa spana. Haikuwa saizi yake, akaishika hivyohivyo.

Vaileth akaitazama madigadi. Akauliza rangi imeliwa na nini. Albano akasema jasho la Mngoni. Mdomo wa Vaileth ukachezacheza upande mmoja, kama wa mama yake enzi zile nikirudi safari na uongo wangu na mkungu wa ndizi. Akasema kesho, saa kumi na moja jioni, Baba. Akapanda mlima.

Kaniokoa, Mhehe yule. Ningefanyaje? Nikamwahidi usukani. Akaliviringisha tairi mwenyewe mpaka miguuni pangu. Tumefunga upande wa kushoto pamoja, mikono myeusi mpaka viwikoni, tunatukanana kwa raha.

Ila ahadi ni deni kwa watu wengine. Kwa mtani ni matani.

Ijumaa, 5 Septemba

Uwanja wangu umefungwa turubai jeupe, viti, mapambo. Vaileth kasimama getini na saa yake. Jenipher pembeni, kichwa kimejaa rola.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Albano alisema anakwenda kuvaa koti kwanza. Koti! La majaribio! Alipoingia ndani tu, nikaruka kwenye Pijo, nikawasha, nikatoka getini kwake, nikapanda mpaka juu kabisa, nikageuza kwa mzunguko mmoja, breki sijaigusa. Kwenye kioo nikamwona anatoka anakimbia, mkono mmoja umeingia kwenye koti. Nikapunga.

Nikashuka. Upepo dirishani. Gia ya shingoni, namba mbili, inaingia kama kijiko kwenye asali. Nilijisikia nina miaka ishirini na sita, nateremka Lukumburu, tumbaku iko juu, dunia iko chini.

Nikakanyaga breki. Mguu ukazama mpaka sakafuni. Kama kukanyaga uji.

Naandika hapa nisijesahau: ukisharudisha pistoni nyuma, gari likiwa limesimama, unapampu pedali mpaka iwe ngumu. Kabla ya kuondoka. KABLA. Mtoto wa gereji anajua. Mie nilikuwa na haraka ya kumkimbia Mhehe.

Nikakanyaga tena. Uji. Tena. Ugali laini. Vaileth akaruka upande mmoja, Jenipher na rola zake upande wa pili. Tena! Ikashika. Pijo ikasimama papo hapo, kimya, bila nguruwe hata mmoja. Ila ilisimama ndani ya turubai, nguzo imelala juu ya boneti, kitambaa cheupe kimefunika kioo chote. Sioni kitu. Viti viwili vya plastiki vimefariki. Watu wote ni wazima.

Kwa kuwa nilikuwa sioni mtu, nikapaza sauti kutoka ndani, nikasema Vaileth, umesikia? Hailii!

Jenipher ndiye wa kwanza kucheka. Nikainua kitambaa nicheke naye. Nikamwona Vaileth kakaa chini, kwenye vumbi, na gauni lake la shule, analia. Akasema alishamzika mzazi mmoja kutoka nyumba hii. Akasema, wa pili usinipe wiki hii, Baba. Tafadhali.

Nikashuka, nikakaa naye kwenye vumbi. Mie!

Fundi Jabiri akaitwa, akaja na sanduku lake. Akafungua, akachungulia, akatingisha, akapampu, akapanda na kushuka mteremko mpaka injini ikachemka. Akasema kila kitu kimefungwa sawasawa. Nikawaambia watu wote wamesikia. Hakuna aliyekuwa ananisikiliza, wanasimamisha turubai.

Hukumu ya Vaileth: Pijo itakwenda. Baba hataendesha. Akauliza nani basi.

Getini Albano kasimama. Koti limekamilika. Na ndevu kanyoa.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimekaa mbele, kushoto. Miaka yote ya Pijo hii sijawahi kukaa upande ule. Kiti cha Demetria.

Mkeka wa sakafuni una tundu. Nilidhani panya. Nikaweka mguu, kisigino kikaingia, sawasawa kabisa. Ndipo nikajua. Alikuwa na breki yake pale. Kila kona ya Njombe, kila lori likitujia, alikuwa anakanyaga, mdomo umefumba, mkono kwenye kitasa. Nilikuwa namcheka. Nikimwambia mama, ya kwako haijaungwa na kitu. Akinijibu kwamba mbona tunafika.

Albano anaendesha kama amebeba mayai ya askofu. Hata hivyo kwenye kona ya kanisa mguu wangu ukakanyaga wenyewe, tunduni. Na tukafika.

Jenipher nyuma, ndani ya wingu jeupe, akauliza Babu unalia. Nikasema ni mafuta ya breki, yanawasha macho. Akanishika bega. Hakuliachia mpaka kengele.

Maua ya kwenye madigadi yalidondoka mlangoni pa kanisa. Ziwa Nyasa hadharani. Mpiga picha akapiga. Wilfred akaja kufungua mlango, nikaubana. Nikamwambia hachukui mke wa mtu hivihivi. Akapiga goti na suti yake, akasema shikamoo mume mwenzangu. Nikafungua. Mwizi ana adabu, angalau.

Albano akapiga honi bila ruhusa. Akapiga tena. Uso wake! Nimemwacha apige.

Jumapili, 7 Septemba

Nyumba imepwaya. Viti vimerudishwa, turubai limekunjwa, jikoni hakuna mwiko unaogongwa. Nimekunywa chai peke yangu na vikombe kumi vichafu.

Baada ya misa Vaileth akaniita ndani. Akaleta picha ya mama yake, akanishikisha. Akasema niape, mbele ya Demetria, kwamba sitashika tena spana kugusa breki za mbele za Pijo. Albano shahidi. Nikaapa. Nimeapa kwa moyo wangu wote, na machozi yalinitoka. Vaileth akanikumbatia. Tumekula vizuri.

Mchana Jenipher kapiga simu, yuko Mbezi Beach kwake. Kwake! Anasema Jumapili ijayo niende kula, na niende na Pijo, nipige honi toka kona, majirani wajue ana kwao. Nimemwambia mke wangu nitakuja.

Nikaizungusha Pijo kidogo kuipasha. Za mbele, kimya kama kaburi. Lakini sasa ambapo za mbele zimenyamaza, nimesikia vizuri: kuna kitu kinalia nyuma. Kidogo. Kama mwananguruwe.

Kiapo nimekirudia kichwani neno kwa neno. Breki za mbele. Alisema za mbele. Demetria ni shahidi, Albano ni shahidi. Za nyuma hakuna aliyezitaja, hata kwa jina.

Nimekwenda kumwambia Albano. Anasema za nyuma ni rahisi kuliko za mbele. Hajawahi kuzifungua. Mie pia. Vaileth anaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na mbili na dakika moja tunaanza.